Mama, jina la McDonald's halinunuliwi

Swali kwa wakili: Jambo Maître. Nina miaka tisa nauza kuku wa kukaanga, viazi na makemba hapa Bel-Air, Lubumbashi. Kuna bwana ametoka Johannesburg, anasema yeye ni mwakilishi wa McDonald's na ananiuzia leseni ya Haut-Katanga yote kwa dola 18,000. Kwanza anataka 5,000 za dosiye, yaani za kushughulikia faili, kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu kuna mtu wa Kolwezi anaitaka pia. Mkataba ni wa miaka 20. Nyumba nimeshapata kwenye barabara kubwa, mwenye nyumba anangoja pesa ya garanti. Ninachouliza ni hiki: miaka 20 ikiisha, jina linabaki langu, watoto warithi, au nitalipa tena?

Jibu: Mama, usilipe. Hata dola moja ya dosiye usitoe, na garanti ya nyumba isimamishe leo. Katika bara zima la Afrika kampuni hii ya hambaga ina migahawa kwenye nchi tatu: Afrika Kusini, Moroko na Misri, ukiongeza visiwa vya Mauritius na Réunion. Kongo haijafika. Inapotaka kuingia nchi mpya hutafuta mshirika mmoja mwenye mtaji wa mamilioni. Haikati mikoa vipande vipande na kuiuza kwa bei ya gari lililotumika. Na huyo mtu wa Kolwezi wa kukuharakisha, kila mteja wangu ameambiwa yupo.

Kinachoniumiza zaidi ni swali lako la mwisho, kwa sababu nalisikia mara kwa mara, na wanaouliza si wajinga. Ni watu wanaojua biashara yao vizuri kuliko mimi. "Nikilipa, jina litakuwa langu?" Hapana, Mama. Hata bwana huyo angekuwa mwakilishi wa kweli, mwenye mkataba wa kweli na muhuri wa kweli, jina lisingekuwa lako hata siku moja kati ya siku zote za hiyo miaka 20. Franshizi ni upangaji. Unakodishwa jina, mfumo wa kazi na mara nyingi hata jengo. Mpangaji hata alipe miaka mingapi, nyumba haiwi yake.

Watazame wenye jina wenyewe. Richard na Maurice McDonald, ndugu wawili, walifungua mgahawa San Bernardino, California, mwaka 1940. Jina lilikuwa la ukoo wao. Ray Kroc, aliyekuwa muuzaji wa mashine za kuchanganyia maziwa, akawa wakala wao, na mwaka 1961 akawanunua kwa dola milioni 2.7. Mgahawa wao wa kwanza walibaki nao, lakini jina lilikuwa limekwenda na mauzo. Ikabidi washushe kibao na kuandika The Big M. Kroc akafungua McDonald's jirani yao, na baada ya miaka michache wao wakafunga. Hao walizaliwa nalo jina hilo. Wewe unaahidiwa kulipata kwa 18,000.

Jambo la pili ambalo watu hawalioni ni pesa ya kampuni inatoka wapi. Mwaka 1956 Harry Sonneborn, mtu wa hesabu wa Kroc, aliona kwamba asilimia ndogo ya mauzo ya hambaga haiwezi kuishikilia kampuni. Akaunda kampuni ya viwanja: inakodi au kununua ardhi, inasimamisha jengo, halafu inampangisha mwendesha mgahawa kwa kodi ya juu zaidi. Tangu hapo, anayekaidi masharti anaweza kupoteza jina na jengo kwa pamoja. Mwaka 2023 wenye franshizi duniani waliilipa kampuni takriban dola bilioni 9.8 za pango, na mrabaha wa kutumia jina na mfumo takriban bilioni 5.5. Pango linakaribia mara mbili ya mrabaha. Migahawa imepita 40,000, na kama 95 katika kila 100 inaendeshwa na watu wa nje wanaolipa namna hiyo. Ziko nchi ambako mwenye leseni anajitafutia ardhi mwenyewe, lakini huko mwenye leseni ni kampuni kubwa inayobeba nchi nzima au zaidi, wala haikutani na mtu kwenye meza ya baa na bahasha mkononi.

Marekani kwenyewe, ada ya kuingia ni dola 45,000, na kabla ya hapo lazima uonyeshe angalau dola 500,000 za kwako, zisizokopwa. Kisha kila mwezi unatoa asilimia ya mauzo: ilikuwa 4, na kwa migahawa mipya ya huko ni 5 tangu 2024. Ni asilimia ya mauzo, Mama, si ya faida. Mwezi ambao umeme umekatika siku sita na jenereta imekula faida yako yote, asilimia inakatwa vile vile. Miaka 20 ikiisha, hakuna haki ya kuongezewa. Unaomba upya, na wanaweza kukataa. Watoto nao hawarithi kama wanavyorithi parseli ya ardhi. Mtoto anachunguzwa, anafunzwa, na kampuni ndiyo inayosema ndiyo au hapana.

Usidhani mkubwa analindwa. Huko India, mshirika wa kampuni upande wa kaskazini na mashariki alianza nayo mwaka 1995, nusu kwa nusu. Mwaka 2013 akaondolewa kwenye uongozi, mwaka 2017 kampuni ikavunja mikataba ya migahawa 169, na kesi hazikwisha mpaka 2019, hisa zake ziliponunuliwa. Huyo alikuwa na mawakili na pesa za kukaa mahakamani miaka sita. Urusi mwaka 2022 kampuni ilipoondoka, aliyenunua migahawa zaidi ya 800 alipata majiko, viti na wafanyakazi. Jina hakupata, akalazimika kutafuta jingine.

Hapo kuna wanaoniambia: basi Maître, tuandike tu jina ukutani, wao wako mbali. Ushauri huo nao unauzwa mjini hapa, na unaniudhi kuliko ule wa kwanza. Afrika Kusini, kabla kampuni haijafungua mgahawa hata mmoja, mfanyabiashara wa Johannesburg alitaka kulitumia jina hilo kwa hoja hiyo hiyo, kwamba hawapo. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikasema alama ya biashara inayojulikana sana inalindwa hata kama mwenyewe hajaanza kufanya biashara nchini. Kongo yetu iko ndani ya Mkataba wa Paris unaolinda alama za namna hiyo, na tuna sheria yetu ya mali ya viwanda, yaani alama na uvumbuzi, ya mwaka 1982. Kampuni hii pia haichoki mahakamani. Huko London iliwashtaki Helen Steel na David Morris, watu wawili wasio na pesa, kwa sababu ya karatasi ya kuilaumu waliyogawa barabarani. Kesi ilianza kusikilizwa 1994, hukumu ikatoka 1997. Kampuni ilishinda mengi, lakini jaji aliona pia kwamba matangazo yake yanawatumia watoto, na kwamba mishahara yake midogo inashusha malipo ya wafanyakazi wa migahawa Uingereza. Kampuni iliyokubali kuanikwa hivyo ili kulinda jina lake haitashindwa kumwandikia barua mwenye kibao cha Bel-Air.

Tena, jina peke yake haliivishi viazi. Kenya, mnyororo wa migahawa ya kuku, KFC, uliishiwa viazi mwanzoni mwa 2022 kwa sababu vilivyokatwa tayari vilitoka ng'ambo na meli zilichelewa, wakati wakulima wa nchi wana viazi mashambani. Iceland, McDonald's ilifunga mwaka 2009: mali ilitoka nje, pesa ya nchi ikaanguka, hesabu ikakataa. Yule yule mwendeshaji akaendelea kwa jina lake jipya, akitumia zaidi mali ya nyumbani. Wewe unanunua gunia lako soko la mtaa wetu wa Kenya, hapa hapa mjini, unalifungua, unachagua kwa mkono. Anayekodi jina kubwa hana ruhusa ya kuchagua gunia.

Nina mezani karatasi za mteja mwingine, wa Kamalondo, aliyelipa kabla ya kuja. Kurasa kumi na moja. Ile herufi M kubwa ya juu, alama ya McDonald's, imechapishwa rangi ya chungwa badala ya manjano, kingo zake zimevunjika kwa sababu picha ndogo imevutwa iwe kubwa. Chini kuna muhuri wa duara wa wino wa zambarau na namba ya RCCM inayoanza CD/KIN, na hiyo namba ndiyo iliyomtuliza. Mama, RCCM inaonyesha tu kwamba kampuni fulani imeandikishwa kwenye daftari la biashara, Kinshasa kwa hiyo ya kwake. Haisemi kampuni hiyo ina haki gani juu ya jina la mtu mwingine. Mimi nikiandikisha leo kampuni ya kuuza chumvi nitapewa namba ya namna hiyo hiyo. Kwenye ukurasa wa saba, kwa herufi ndogo na kwa Kifaransa, imeandikwa kwamba pesa ya dosiye hairudishwi. Mteja wangu anasoma Kifaransa. Alisomewa mkataba kwa Kiswahili, na mstari huo ukarukwa.

Watu hao hawauzi hambaga tu. Leo ni McDonald's, mwaka jana ilikuwa kituo cha mafuta, kabla yake depo ya bia na vibanda vya kutuma pesa. Daima kuna jina kubwa la nje, mkoa mzima uliogawiwa mtu mmoja, na haraka. Daima pesa inapitia kwenye simu ya mtu binafsi, haiendi benki kwa jina la kampuni. Na siku hizi kuna wenzetu wenye ofisi na vibao vya kisheria wanaopokea dola mia mbili kutia saini kwamba "wameupitia" mkataba wa aina hii bila kuandika barua pepe hata moja kwa kampuni inayotajwa. Hao wananitia hasira zaidi ya madalali, maana mteja alikwenda kwao kutafuta kinga. Mtu yeyote akikuletea mkataba wa jina, swali la kwanza ni moja: mwenye alama ni nani, na barua yake inayomtaja huyu mwakilishi iko wapi? Kuithibitisha barua hiyo, tunayaandikia makao makuu yenyewe, kwa anwani tuliyoitafuta sisi, siyo iliyochapwa kwenye mkataba.

Kuna kitu kimoja cha wale ndugu wa California unachoweza kukichukua bure. Mwaka 1948 walifunga mgahawa uliokuwa unaleta faida, wakaandika upya kila kitu: vyakula vikabaki tisa, hambaga senti 15, na jiko walilipanga kwa kulichora kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi, wafanyakazi wakitembea ndani ya mchoro kama wanapika, mpaka hakuna anayemgonga mwenzake. Haki ya kuchora jiko lako kwa chaki haina mrabaha. Miaka tisa watu wanavuka mtaa kuja kwako, na jina wanalolitaja unalijua. Hilo liandikishe: kwanza biashara kwenye gishe, ofisi ya serikali inayoandikisha biashara, kisha alama yenyewe kwenye Wizara ya Viwanda. Gharama yake haifikii ile pesa ya dosiye.

Jumatatu njoo ofisini na mkataba mzima na karatasi ya mwenye nyumba, hata kama bado haina saini. Kama umeshamtumia bwana huyo chochote kwa simu, usifute ujumbe hata mmoja, wala usimwambie kwamba umeniandikia, kwa sababu siku utakayomwambia atabadilisha namba.