Barua kwa mwanangu: nani alisema kweli kuhusu Perpignan?

Mwanangu Rehema,

Nimelipata swali lako. Bernat Desclot, mwandishi wa tarihi wa Katalunya, anaeleza kwamba mwaka 1285 Pere, mfalme wa Aragon, aliingia Perpignan, mji wa Roussillon, kwa ghafla, na mdogo wake, Jaume wa Mallorca, akatoroka ngomeni kwa kupitia mfereji wa maji machafu. Ramon Muntaner, mwandishi mwingine wa tarihi, anadai ndugu hao walikuwa wamepatana kisirisiri, na urafiki wa Jaume na Wafaransa ulikuwa wa kuzugia tu. Unataka kujua umwamini nani, na kwa nini tusumbuke kuwasoma ikiwa wote walilipwa na wafalme.

Kuhusu usaliti wenyewe, Desclot yuko karibu zaidi na kweli. Tangu mwaka 1283 Jaume alikuwa amekwisha kufunga mapatano na Philippe III wa Ufaransa. Ila ukimweka Muntaner kando kwa sababu hiyo, umetupa nusu ya ushahidi. Usimuulize habari za 1285 peke yake, muulize pia habari za mwaka aliposhika kalamu.

Kwanza mpangilio wa mambo. Jaume wa Kwanza, baba yao, alipofariki mwaka 1276 aligawa milki yake. Pere alipata Aragon, Katalunya na Valencia. Mdogo mtu akapata Mallorca, Roussillon, Cerdanya na Montpellier. Mwaka 1279 Pere akamlazimisha mdogo wake akubali kuwa chini yake. Mwaka 1282 Pere akaitwaa Sisilia, Papa Martin IV akamtenga na Kanisa, kisha akatangaza kumvua taji, na mwaka 1285 Wafaransa wakamjia na vita vya msalaba wakipitia Roussillon, nchi ya Jaume. Desclot aliandika miaka michache tu baada ya hapo, na shujaa wake ni Pere. Kadiri mdogo anavyoonekana msaliti, ndivyo kaka anavyong'ara.

Muntaner alianza kuandika mwaka 1325 pale Xirivella, karibu na Valencia. Mwaka uliotangulia, mfalme Sanç wa Mallorca alikuwa amefariki bila mtoto, mrithi ni mpwa wake Jaume wa Tatu, mvulana wa miaka tisa, na mfalme wa Aragon akaidai nchi iwe yake. Ni Muntaner huyohuyo aliyemsafirisha mtoto huyo mwaka 1315, angali mchanga, kutoka Sisilia hadi kwa bibi yake Perpignan. Sasa utaona kwa nini hakutaka ugomvi wa mababu ukumbukwe. Mahali pengine katika kitabu chake anatoa mfano wa kichaka cha mafunjo: ukikifunga kamba, watu kumi hawaking'oi; ukiifungua, mtoto wa miaka minane atakimaliza unyasi mmoja mmoja. Huo ni ushauri wa kisiasa kwa matawi ya ukoo mmoja yaliyotawala Aragon, Mallorca na Sisilia, na simulizi yake ya 1285 imepindwa ili iufae.

Ushauri haukusikilizwa. Mwaka 1343 Pere el Cerimoniós, mfalme mwingine wa Aragon, alimnyang'anya kisiwa cha Mallorca Jaume wa Tatu huyohuyo, ambaye alikuwa shemeji yake, na mwaka 1349 Jaume akauawa vitani Llucmajor akijaribu kukirudisha. Tarihi ya Pere huyu inaieleza habari hiyo kwa urefu na kwa sauti ya mahakama: wito, muda uliopita, kosa. Haishangazi, kwani mfalme alikuwa amefungua kesi rasmi dhidi ya shemeji yake kabla ya kupeleka meli. Tunayo barua ya Agosti 1375 ambamo anamwelekeza Bernat Descoll, ofisa wake, namna ya kuitengeneza tarihi hiyo na kumjibu maswali yake. Watawala wachache wa zama zile wametuachia ushahidi wa wazi hivi wa jinsi walivyosimamia kalamu.

Hata hivyo hakuficha kila aibu. Ameacha humo jinsi wakazi wa Valencia, waliokuwa wamemwasi, walivyomlazimisha mwaka 1348 acheze ngoma pamoja nao, kinyozi mmoja akiongoza wimbo. Aibu hiyo ina kazi. Inakuandaa kwa adhabu inayofuata, pale kengele iliyowaita waasi kwenye mikutano yao ilipoyeyushwa na wakanyweshwa shaba yake. Mfalme akijidhalilisha kwenye kitabu chake mwenyewe, tazama kurasa zinazofuata.

Nikusahihishe jambo moja: si kweli kwamba wote walilipwa. Muntaner hakuwa karani wa kuajiriwa. Alikuwa askari na msimamizi aliyeandika kwa hiari yake. Naye Jaume wa Kwanza, katika kitabu chake, anasimulia mwenyewe, kwa «sisi» ya kifalme.

Sasa kazi ya kupima. Hifadhi ya nyaraka ya Barcelona, iliyoanzishwa mwaka 1318, ina madaftari ya barua za wafalme, na kila barua ina mahali na tarehe. Ukizipanga unapata ratiba ya safari za mfalme. Mwanahistoria Joaquim Miret i Sans alichapisha ratiba ya Jaume wa Kwanza mwaka 1918. Linganisha na tarihi uone ni wapi mfalme anadai alikuwepo ilhali barua zinamweka mji mwingine. Wanafunzi wengi hujikwaa kwenye mwaka. Kwa barua za kabla ya 1350, mwaka uliandikwa kuanzia tarehe 25 Machi, hivyo barua ya Februari 1343 kwetu ni ya Februari 1344. Baadaye wakahamia tarehe 25 Desemba. Hata mfumo huo wenyewe ulikuwa siasa: hadi mwaka 1180 Wakatalani walihesabu kwa miaka ya utawala wa wafalme wa Ufaransa, kisha wakaacha.

Chunguza pia umri wa nakala. Nakala ya zamani kuliko zote tuliyonayo ya kitabu cha Jaume wa Kwanza kwa Kikatalani ilinakiliwa kwenye monasteri ya Poblet mwaka 1343, miaka 67 baada ya kifo chake. Na ile hadithi ya mistari minne ya bendera ya Katalunya kuchorwa kwa damu ya Guifré el Pelós, mtawala wa Barcelona aliyefariki mwaka 897, usiitafute katika tarihi za zama hizo. Inajitokeza kwa Pere Antoni Beuter, mwanahistoria wa Valencia, katikati ya karne ya 16.

Kwenye insha yako, amua mapema utatumia hesabu ipi ya wafalme. Pere el Cerimoniós ni wa Tatu kwa Wakatalani na wa Nne kwa Waaragoni, na yule wa 1285 ni wa Pili au wa Tatu. Ukichanganya, msahihishaji atadhani umechanganya watu.

Mama yako