Soketi ya waifai iliyozimiwa seva

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina soketi ya waifai niliyokuwa nikiwashia pampu ya maji kwa simu. Kampuni imezima seva na programu ya simu haifunguki tena, ingawa kitufe cha pembeni bado kinawasha na kuzima. Naweza kuifungua niiwekee programu nyingine? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Kama kitufe kinaitika, rilei (swichi ya ndani inayoendeshwa kwa umeme) na chipu ni nzima. Hiyo ni mali yako, na inafufuka.

Ila kabla ya kushika bisibisi nisikilize vizuri. Katika soketi nyingi za aina hii, hasi ya chipu imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani. Ukiunga laptopu huku soketi imechomekwa, volti 230 zinaweza kupita kwenye laptopu na kwenye mwili wako. Ichomoe kabisa, kisha ipe chipu volti 3.3 kutoka kwenye adapta ya siriali ya USB, kile kifaa kidogo kinachounganisha laptopu na chipu. Volti 5 zinaweza kuiunguza.

Soma maandishi ya kwenye chipu au moduli. Ukikuta ESP8266 ya Espressif, umebahatika: inapokea Tasmota, programu huria ya kuendeshea vifaa kama hivi. Lehemu nyaya za chanya, hasi, TX (kutuma) na RX (kupokea). TX ya adapta iende RX ya chipu. Gusisha pini ya GPIO0 na hasi unapoipa hizo volti 3.3, itaamka ikisubiri kuandikwa upya. Ukikuta WB2S au WB3S, humo mna BK7231 ya Beken: Tasmota haiingii, tumia OpenBeken, programu kama hiyo ya chipu za Beken.

Usikimbilie kufuta! Kwa ESP8266, tumia esptool, programu ya laptopu, kunakili kwanza memori yote, mara nyingi megabaiti 1, kisha pekua maneno yanayosomeka ndani ya faili hilo. Hapo ndipo patamu. Unaweza kuliona jina la seva iliyozimwa, na pengine jina la waifai yako pamoja na nywila, wazi kabisa. Ndiyo maana nawasihi wateja wangu wasigawe wala kutupa vifaa hivi bila kuvifuta. Itunze nakala hiyo. Mambo yakiharibika, utairudisha.

Ukishaiweka Tasmota, utaiwasha soketi kupitia mtandao wa nyumbani bila seva ya mtu.

Sasa hiyo pampu. Hata rilei ikiandikwa ampea 10, mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapozunguka, na midomo ya rilei inaweza kugandana ikashindwa kuzima. Weka kontakta, yaani swichi kubwa ya sumaku: soketi iwashe koili yake, kontakta yenyewe ibebe pampu.