Shangazi, nimetolewa karata ya Kifo na sasa silali

"Shangazi shikamoo. Mi ni binti wa miaka 28, naishi Mtwara mjini, Chikongola, nafanya kazi kwenye kibanda cha miamala. Mwezi uliopita niliona dada mmoja mtandaoni anasoma karata za taroti, nikamtumia elfu tano anisomee kuhusu mchumba wangu, tuna miaka saba sasa. Akatoa karata tatu, ya mwisho ni ya Kifo, mifupa imepanda farasi mweupe. Akaniambia kuna mtu wa damu yangu hamalizi msimu huu wa korosho. Mama yangu yupo Newala na ana presha. Huyo dada anataka laki na nusu aigeuze karata. Tangu siku hiyo silali, nampigia mama mara nne kwa siku mpaka anauliza una nini. Shangazi nitoe hiyo hela? Mwenye Hofu, Chikongola."

Marahaba mwanangu. Hela usitume, hata mia. Kama ulishatuma kiasi basi iliyobaki usitume, na namba yake na zile meseji zake zipeleke 15040 kule tunakoripoti matapeli wa simu, alafu mblok. Hilo ndo jibu la swali uliloniuliza na ningeweza kuishia hapo, ila barua yako nimeisoma mara tatu na kuna kitu kimo ndani yake kimenishika, kwaiyo nivumilie tukae kidogo.

Kwanza tuongee kuhusu hiyo karata yenyewe, maana naona imekutisha kwa sura. Mi ninazo hizi karata. Miaka mingi nyuma kuna mgeni alipanga kwetu Mikindani, wakati anaondoka akaniachia pakiti yake nzima, na hiyo ya Kifo, namba 13, ninayo hapa mezani wakati nakuandikia. Ulivyosema farasi mweupe nikajua ni seti ileile, iliyotoka London mwaka 1909, picha zake zote 78 zilichorwa na mwanamke anaitwa Pamela Colman Smith aliyeishi Jamaica sehemu ya utoto wake, aliyemwagiza kazi ni bwana Arthur Edward Waite. Yule mama alilipwa hela kidogo sana kwa ile kazi na amekufa maskini, mwaka 1951, wakati picha zake leo zinauzwa dunia nzima. Hilo huwa linaniuma kila nikizishika.

Na kabla ya hapo, mwanangu, taroti ilikuwa mchezo. Yani karata za kuchezea kama wazee wetu wanavyokaa barazani na karata zao. Zilianza Italia ya kaskazini kwenye miaka ya 1400, matajiri wa Milano wakichorewa zao kwa dhahabu, na Ufaransa mpaka leo kuna watu wanakaa jioni wanacheza taroti kwa pointi na hamna anayeogopa kitu. Habari kwamba zina siri za kale ilipata nguvu mwaka 1781, kuna Mfaransa aliandika kwamba zimetoka Misri ya mafarao, wakati huo hata maandishi ya Misri ya kale hamna mtu aliyekuwa anaweza kuyasoma, na ushahidi hakuleta. Baada yake ndo wakaja wa kuandika vitabu vya namna ya kupigia bao na biashara ikakua. Nakuambia haya ili ujue kilichokunyima usingizi kina umri gani na kimetoka mikononi mwa nani.

Sasa ebu itazame picha. Najua hutaki, itazame tu.

Mifupa imevaa deraya nyeusi imepanda farasi mweupe, imeshika bendera nyeusi yenye waridi jeupe. Hapo watu wengi wanaishia. Ila chini ya farasi kuna watu wanne na mi naona picha yote iko kwa hao wanne. Yupo mfalme amelala chini, ameshakufa, taji lake limedondoka. Yupo askofu amesimama ameunganisha mikono kama anaomba. Yupo binti amepiga magoti, kageuza uso pembeni hataki kuona. Alafu yupo mtoto mdogo, naye amepiga magoti, anamtazama yule mpanda farasi usoni. Na nyuma kabisa, ambako yule dada yako wa mtandaoni hakukuonyesha, kuna mto na chombo kimetweka tanga kinapita zake, na mbele zaidi minara miwili na jua katikati yake. Wengi wanaozijua hizi karata wanalisoma lile jua kama linachomoza. We unaishi Mtwara mjini, unajua jua linavyotoka baharini asubuhi.

Wasomaji wa taroti wenyewe, walio makini na hiyo kazi yao, watakuambia namba 13 ni karata ya kitu kufika mwisho ili kingine kianze, na wengi wanakataa kabisa kuitumia kumtabiria mtu kufiwa. Kwenye seti za zamani za Kifaransa, mifupa ile inatembea kwa miguu na fyekeo mkononi, na mara nyingi karata haikuandikwa hata jina. Na angalia namba. Karata kubwa zipo 22, zinaanzia sifuri mpaka 21, Kifo ni ya 13, baada yake inakuja ya Kiasi, malaika anamimina maji kutoka kikombe kimoja kwenda kingine taratibu. Ingekuwa Kifo ndo mwisho wa kila kitu wangeiweka ya mwisho.

We mwenyewe hili jambo unalijua kuliko hao wa London. Si ulichezwa? Mwali anaingia ndani mtoto, wanamfunda, siku ya kutolewa anatoka mtu mwingine, kanga mpya, mafuta, vigelegele, na kwetu huku wengine jina la utotoni linazikwa palepale, ukimuita nalo mtu mzima mbele za watu umemtukana. Yule mtoto kaenda wapi? Kafa, na hamna aliyefanya matanga, watu wamepika pilau. Mama yako siku ile najua alicheka na kulia kwa pamoja maana wote tunafanya hivohivo. Huo mwisho na huo mwanzo ndo waliojaribu kuuchora kwenye hiyo karata, kwa sura za kwao, farasi na mfalme na askofu. Sura inatisha kama lipiko, yule mcheza ngoma aliyevaa kinyago, anavyotisha watoto, wanakimbia mpaka wanapoteza ndala, na kaka zao walioshapita jando wanasimama tu wanaangalia ngoma.

Haya, sasa turudi kwenye kile kilichonishika. Mwanangu, uliuliza kuhusu mchumba. Elfu tano yako uliitoa kwa ajili ya mchumba. Jibu likaja la mama.

Umeona hapo? Ungekuwa umeambiwa ukweli wa hiyo karata kwa swali lako ungeambiwa huo uchumba kuna kitu kimeisha, basi, na ungelia siku mbili na asingepata hela zaidi. Kwaiyo akaichukua akaipeleka kwa mtu ambaye huwezi kubishana, mtu wa damu yako, na hakukutajia nani, hawatajagi hawa. We ndo ulimjaza mama kwenye lile tundu kwa sababu ana presha na yuko mbali na unampenda.

Najua kwa sababu nilishafanyiwa. Mimi ilikuwa ramli ya mchangani, na ramli yenyewe ni neno la Kiarabu maana yake mchanga. Nilikuwa naishi Lindi, umri kama wako, mimba imetoka mara ya pili, nikapelekwa kwa mtu akachorachora akasema aliyekufunga mnakula naye sahani moja. Nikatoka pale nimeshamjaza wifi yangu. Miaka minne, mwanangu, miaka minne nilikuwa namuitikia salamu kwa pembeni ya mdomo, na huyohuyo wifi ndo aliyenifulia nguo za damu hospitali wakati ndugu zangu wapo safarini. Tulikuja kupatana, ni kweli, na alipofariki nilikuwa nimekaa kitandani kwake. Ila ile miaka minne sikurudishiwa na yeyote, na nikipita Mtanda kule Lindi moyo unanibana mpaka leo. Kwaiyo nikikuambia usimpe huyo mtu hata mia siongei kwa kusikia. Kuhusu dini sitakuhubiria, we unajua shehe au padri wako anasemaje kuhusu kupiga ramli.

Presha ya mama ni kitu cha kweli, tusiichanganye na karata, ila inapimwa kwa mashine. Nenda Newala wikendi moja, chukua ruhusa kazini, mpeleke hospitali ya wilaya mkapime wote wawili. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kila akipimwa hiyo imepanda na anahitaji kufuatiliwa, na kama ameshaandikiwa dawa muulize kwa upole kama anazimeza kila siku, maana mama zetu wakijisikia vizuri wanaacha, alafu kipindi hiki cha kuokota korosho anashinda shambani ameinama na jua lote lile, anarudi amechoka anakula mchuzi wa chumvi nyingi na kulala. Ongea na mdogo wako au jirani amkumbushe dawa. Hivo ndo vitu vya kumsaidia. Na simu nne kwa siku punguza, anasikia sauti yako inatetemeka na yeye anapata wasiwasi, utampandisha presha wewe.

Alafu uchumba. Kwenye barua nzima umeandika nusu mstari tu, "tuna miaka saba sasa", ukahamia kwa mama mpaka mwisho. Hujaniambia anaitwa nani wala yupo wapi, hujasema kama barua ya posa imeletwa, kama mshenga ameshakanyaga kwenu, kama kishika uchumba kipo. Mtu mwenye furaha na mchumba wake anaandika kurasa. Na mtu ambaye hana mashaka hatoi elfu tano kumuuliza mgeni wa mtandaoni kama ataolewa. Naweza kuwa nimekosea, mi simjui huyo kijana na pengine ana sababu zake, maisha magumu na bei ya korosho mwaka huu juu mwaka ule chini, wanaume wengi wa kusini mahari yao inangoja mnada. Ila miaka saba imepita na misimu saba, na mtu anayetaka kuleta barua analeta hata kama hela ya ndoa bado, barua haina gharama ya ng'ombe.

Nahisi we ni yule binti wa kwenye picha, aliyepiga magoti akageuza uso. Na nakuelewa, kumwogopea mama ni rahisi kuliko kumtazama mtu uliyempa miaka yako ya ishirini na kukubali kwamba labda imeisha. Hofu ya mama ni hofu ya heshima, kila mtu atakuonea huruma. Ile nyingine watu watakuuliza ulikuwa unangoja nini.

Kwaiyo ukitoka Newala, au hata kabla, mpigie umuombe muonane ana kwa ana, usimtumie meseji. Chagua sehemu mnayoweza kuongea, nendeni hata ufukweni Shangani jioni. Usimtajie karata, usimtajie Shangazi. Muulize kitu kimoja, barua inakuja nyumbani lini, mwezi gani, nani anaileta. Akikutajia mwezi na jina la mshenga, mshukuru na umwambie mama ajiandae. Akianza tena subiri mambo yakae sawa, msikilize mpaka amalize, usipige kelele, alafu rudi nyumbani uhesabu vitu vyako vilivyoko kwake. Utaumia, sikudanganyi, pengine miezi. Ila una miaka 28, una kazi ya mkono wako na mama bado yupo, na akijua ukweli wa kinachokusumbua atakuja Mtwara kwa basi la kwanza.

Hiyo karata kama bado picha yake ipo kwenye simu usiifute kwa woga. Ifungue usiku huu kabla ya kulala, umwangalie yule mtoto kwanza, alafu lile jua la nyuma, alafu zima simu ulale. Na ukishaongea na huyo kijana niandikie, hata mistari miwili inatosha.

Shangazi wako.