Aliyeibiwa mmemweka wapi?

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Mwizi wa vitu vidogo afungwe jela au apewe kazi za jamii?", limenikuta nakata kola. Nikaweka mkasi chini. Jibu lililonijia kwanza lilikuwa neno moja tu, jela, na nilitaka kuwatumia hivyo hivyo. Nimeshindwa.

Sheria naijua. Kenya walitunga yao 1998, sisi Tanzania tukafuata na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Ni kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu. Afisa probesheni anachunguza na kumpelekea hakimu taarifa, na mshtakiwa mwenyewe lazima akubali. Mtaani tunakiita kifungo cha nje. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni kwamba swali lenu lina watu wawili tu, mwizi na serikali. Aliyeibiwa mmemweka wapi?

Mimi ni fundi cherehani, huku kwetu kwenye mikonge, mkoani Tanga. Januari 2016 nilivunjiwa chumba usiku, kikaenda kichwa cha cherehani. Meza waliniachia. Wanaojua ufundi wanajua Januari ni nini: kaptula, marinda, mashati meupe, wazazi wote wamelipa nusu na shule zinafungua Jumatatu. Kile kichwa nilikinunua kwa 180,000. Kijana aliyekamatwa, wa mtaa wa pili tu, alikuwa ameshamuuzia mtu wa lori kwa 40,000, na lori lenyewe halikujulikana limeelekea Segera au wapi. Mimi nikawa naazima cherehani ya jirani usiku, yeye akilala mimi nashona, namlipa kila siku.

Mama yake kijana alikuja na jogoo kuniomba radhi. Nilimrudisha na jogoo wake. Kisha akaja afisa probesheni, mtu mpole, akaketi kwenye benchi la wateja, akaniuliza: "Mama, wewe ungependa iweje?" Nikamwambia afungwe mpaka mvi zimtoke. Akaandika. Nadhani aliandika kitu kingine, kwa sababu hukumu ilikuwa kifungo cha nje cha miezi sita, kazi ya saa nne kwa siku, kila asubuhi, kwenye zahanati.

Nilikasirika hadi nikaugua kichwa. Na zahanati ile siwezi kuikwepa, ndiyo tuliyo nayo. Masika yalipoanza nikampeleka mjukuu kupima uzito. Kijana yuko nyuma ya jengo anachimba shimo la choo, limeshamfika kifuani, udongo mwekundu umemganda mpaka kwenye kope. Akainua uso akaniona. Akasema, "Shikamoo mama."

Nikaitika marahaba.

Ilinitoka kabla sijakumbuka huyu ni nani. Miaka imepita na mpaka leo nikikumbuka naona aibu, sijui ni aibu ya kumwitikia au ya kutamani nisingemwitikia. Nilisimama pale na mtoto mgongoni, sina tena la kumtukania. Umeshapokea shikamoo ya mtu, utaanzaje kumtukana? Akasema akimaliza saa zake anakwenda kukata mkonge kibarua, na akipata ataniletea kidogo kidogo.

Aliniletea 5,000 mara mbili. Halafu kimya.

Hapo ndipo shida yangu ilipo. Muuguzi alikuwa na daftari la mahudhurio, kijana anatia sahihi akifika na akiondoka. Siku mbili nilipita pale hayupo na sahihi zipo. Nilipouliza nikaambiwa, "Dada, leo kaenda kibaruani, ana mtoto mdogo." Sawa, ana mtoto. Kwa hiyo zahanati ilipata choo, serikali ilipata saa zake, hata mtoto wake alipata unga. Zile 10,000 zangu hazikuandikwa popote, maana daftari halikuwa na safu ya aliyeibiwa. Kijana alikuwa analipa deni, ila kwa mtu ambaye hakuwa anamdai. Choo chenyewe ni kizuri, sikatai. Nimekitumia.

Ndiyo maana nilianza na jela. Lakini nikipiga hesabu jela nayo ingenipa nini? Karandinga lingemchukua, angekula ugali na maharage kwa kodi, na kodi natoa na mimi. Hata kitambulisho cha mjasiriamali cha 20,000 enzi za Magufuli nilikata. Halafu angetoka kwa msamaha. Tarehe 9 Desemba 2019 peke yake walisamehewa wafungwa 5,533, na sikusikia kwamba kuna aliyepita kwanza kwa watu aliowaibia. Nina mpwa wangu alikaa ndani miezi minne kwa faini ambayo ukoo tulichelewa kuichanga. Alirudi na marafiki wapya ambao hadi leo hatuwapendi.

Basi jibu langu, ingawa mume wangu akisoma atacheka: asifungwe. Achimbe vyoo. Ila sehemu ya jasho lake ihesabiwe kwa aliyeibiwa, iandikwe, na muuguzi asitie huruma kwenye daftari la watu. Najua mahakama inaweza kuamuru fidia. Mimi sikuiomba, kwanza hakuna aliyeniambia kwamba inaombwa, pili nilikuwa nimeshughulika kupiga kelele afungwe.

Na msinielewe vibaya. Sisemi hivi kwa wanaoingia na mapanga, wala kwa wanaume wanaopiga wake zao. Hao wa mwisho hata faini siitaki, kwa sababu ninavyoona huku kwetu faini ya mume huuzwa mbuzi wa mke. Na sina hakika ningeandika haya kama kichwa cha cherehani kingekuwa kimeibwa wiki jana. Cherehani ninayotumia sasa nilikopa kwenye kikundi, nikamaliza kulipa 2018; ukiwa umeshamaliza mkopo ni rahisi kuwa na busara.

Yule jogoo ningempokea. Wa leo si chini ya 25,000.

Kijana nasikia yuko Handeni siku hizi, anaendesha bodaboda. Namdai 170,000. Chumba changu hakijahama, na jioni huwa nipo.

Fundi wa kike, Tanga