Je, miti huandika?

SWALI: Shikamoo, mzee wa safu. Nina tabia ambayo wenzangu wananicheka nayo. Nikisimama mbele ya mti, macho yanakimbilia kwenye gome, na humo naona mistari, nukta, hata kitu kama sahihi ya mtu. Je, kuna la kusomwa pale, au macho yangu yananidanganya? (Msomaji wa Magome)

JIBU: Marahaba. Waache wacheke, ila nami sikukubalii yote, maana si kila mstari kwenye gome una mwandishi.

Nyufa, kwa mfano. Gome la nje limekwisha kufa. Mti unanenepa kwa ndani, nalo haliwezi kutanuka, basi linapasuka kama shati la mtoto aliyekua. Vile vistari vya mlalo kwenye gome jeupe la mbetula, mti wa nchi za baridi, ni matundu ya kupitisha hewa. Vinapendeza, lakini mimi siviiti maandishi.

Mwandiko hasa uko Australia, kwenye mkaratusi uitwao kitaalamu Eucalyptus haemastoma. Shina lake laini limejaa michoro ya kahawia, ungeapa kuna mtu kaandika barua kwa haraka. Mwandishi ni kiwavi wa nondo wa jenasi ya Ogmograptis, mdogo ajabu, anayechimba ndani ya gome. Huanza kwa kuzungukazunguka ovyo, kisha anakwenda zigizaga. Mti nao hujaza njia yake kwa tishu changa, laini, yenye lishe. Basi kiwavi hugeuka na kurudi alikotoka, akila kile ambacho mti umemwandalia pasipo kukusudia! Akishiba anatoka zake. Baadaye gome la nje hubanduka na michoro inaonekana. Ukitaka kuisoma, tafuta kitanzi chembamba: hapo ndipo alipogeukia.

Barani Ulaya kuna mbawakawa Ips typographus, ambaye Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, alimpa jina la mpiga chapa mwaka 1758. Huishi chini ya magome ya misprusi, miti ya jamii ya misonobari. Jike huchimba njia iliyonyooka kufuata urefu wa shina, akitaga mayai kandokando. Kila lava, yaani funza wake, akianguliwa hujichimbia njia yake kwenda pembeni, na kadiri anavyokua ndivyo njia inavyopanuka. Upande mwembamba ndipo alipozaliwa, upande mpana ndipo utoto wake ulipoishia. Huo nauita usomaji, tena usiohitaji kubahatisha.

Sasa ile sahihi yako. Ikiwa ni mikwaruzo mifupi myeusi juu ya gome laini, yawezekana ni Graphis scripta au jamaa zake, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Hiyo mikwaruzo ni sehemu zao za kutolea spora, yaani chembe za uzazi. Chukua kioo cha kukuzia uitazame vizuri.

Kazi za mbawakawa zitafute kwenye magogo yaliyoanguka. Usibandue gome la mti ulio hai. Sukari kutoka kwenye majani hupita humo kwenda mizizini, na ukilibandua kuzunguka shina zima mti utakufa. Na wale wanaochonga majina yao kwa kisu wakidhani mti utayapandisha juu, waambie mti hurefuka kwenye ncha tu. Majina yatapanuka na kuharibika umbo, lakini yatabaki kimo kilekile.