Muulize Fundi: Seagate, WD au Toshiba, nichukue ipi?

SWALI: Fundi shikamoo. Hadi diski ya kompyuta ya nyumbani imeanza kusuasua, nataka nyingine ya TB 4 niweke picha za familia, muziki na magemu ya watoto. Tatizo kila ninayemuuliza anavutia kwake, shemeji yangu anasema Seagate usiguse zinakufa hovyo, jirani kwa Seagate haambiliki kitu ila WD ndo hataki hata kuzisikia, muuzaji naye ananisukumia Toshiba. Mie mwenyewe moja ya hizo kampuni (siitaji) ilishaniliza, picha zikaenda zote. Nitajie moja tu nikanunue niishi kwa amani.
– Mama Mapacha

JIBU: Marahaba mama. Jina moja sikupi na sio kwamba nakwepa swali, ni kwamba shemeji yako yuko sahihi na jirani yako yuko sahihi, wote wawili, mana kila mmoja anaongelea diski yake iliyokufa na siyo kampuni nzima.

Kwanza ujue watengenezaji wa hadi diski dunia nzima wamebaki watatu tu, hao hao uliowataja. Seagate walimnunua Maxtor 2006, 2011 wakachukua na kitengo cha diski cha Samsung, WD nao 2012 wakachukua kitengo cha diski cha Hitachi. Kwa hiyo ukikuta diski ya nje ina jina jingine kabisa kwenye boksi, ifungue, ndani utamkuta mmoja wa hawa watatu.

Sasa angalia majina yanavyogeuka. Mwaka 2000 IBM walitoa diski zinaitwa Deskstar 75GXP, zikafa kwa wingi mpaka wenye nazo wakaenda mahakamani. Kitengo kile kikauzwa kwa Hitachi, na miaka kama kumi baadae kuna kampuni ya Marekani inaitwa Backblaze, kazi yao kutunza data za watu kwenye maelfu ya diski na huwa wanatangaza zipi zinakufa sana, wakaanza kutoa hesabu zao na Hitachi ndo zikawa zinasifiwa kuliko zote! Hesabu hizo hizo zikaonyesha Seagate ya TB 3, ile ST3000DM001, inakufa vibaya sana, wakati ndugu yake ya TB 4 ya kampuni hiyo hiyo inadunda miaka kwa miaka. Umeona? Ni modeli. Jina la kampuni halikuambii kitu, herufi na namba ndogo zilizoandikwa kwenye lebo ndo zinakuambia, hizo ndo uzisome kabla hujatoa hela. (Na hesabu za Backblaze nazo usizimeze nzima nzima, diski zao hazizimwi usiku wala mchana, yako inazimwa watu wakienda kulala.)

Ukishaipata modeli uliza kitu kimoja ambacho wauzaji wengi hawakisemi: ni CMR au SMR? Kwenye CMR kila njia ya data inakaa peke yake, kwenye SMR njia za data zinalaliana kama vigae vya paa ili zienee nyingi, ubaya wake ukitaka kubadilisha kidogo inabidi diski iandike upya na za jirani, so ukiimwagia mafaili mengi kwa mpigo inaanza vizuri alafu spidi inaporomoka unabaki unaangalia mstari umeganda. Kwa picha na muziki inavumilika mana unaandika mara moja unasoma mara mia. Kero ni kuificha. 2020 WD walibambwa wameweka SMR kwenye baadhi ya WD Red bila kusema, watu wakalalamika sana, ndo leo kuna Red na Red Plus, hiyo Plus ndo CMR. Seagate BarraCuda ya TB 4 ya kompyuta ya mezani ni SMR, Toshiba P300 ya TB 4 pia. IronWolf ya Seagate ni CMR, N300 ya Toshiba ni CMR. Hizi wanasema ni za NAS (kile kisanduku cha diski kinachotumika na kompyuta nyingi kupitia mtandao wa nyumbani au ofisini) lakini kwenye kompyuta ya kawaida zinafanya kazi bila shida yoyote, kama tofauti ya bei ni ndogo mi ningechukua hizo, waranti yake ni miaka 3 wakati BarraCuda na WD Blue ni 2. Zambarau za WD (WD Purple) na SkyHawk za Seagate waachie wenye kamera za ulinzi. Magemu weka kwenye SSD mama (diski isiyo na sahani inayozunguka, ina kasi zaidi), hata ndogo, watoto watakushukuru.

Ukifika nayo nyumbani usianze kuhamisha vitu. Weka CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kupima afya ya diski, tazama Power-On Hours (masaa iliyowahi kuwashwa), diski mpya inatakiwa iwe sifuri au karibu na sifuri. Alafu shuka kwenye mistari 05, C5 na C6, pale kwenye raw values pawe sifuri tupu, hiyo ndo hesabu ya sehemu za diski zilizooza au zinazoelekea kuoza. (Namba za pale kwa kawaida zinatoka na herufi ndani yake, usishtuke, A ni kumi, B kumi na moja, hivyo hivyo.) Usione nakuchosha, mwanzoni mwa 2025 ziligundulika Seagate zilizotumika zinauzwa kama mpya, masaa yamefutwa, zikaumbuliwa na rekodi nyingine ya ndani inaitwa FARM ambayo haikufutwa. Kwa hiyo namba ya seriali nayo iingize kwenye tovuti ya kampuni uone waranti inaanzia lini.

Ila yote hayo hayatakurudishia picha. Nunua mbili, moja ikae ndani, nyingine ya nje unaichomeka siku ya kufanya bekapu tu kisha unaiweka kabatini. Na hapa ndo jina la kampuni linapata kazi, zisiwe za kampuni moja. Mwishoni mwa 2008 Seagate 7200.11 zilikuwa na kosa kwenye programu ya ndani, unawasha kompyuta asubuhi diski haionekani, nzima kabisa lakini imejifunga. Mwenye mbili za aina ile angeweza kukosa zote. Kwa hiyo IronWolf ndani, WD nje, au ugeuze, na shemeji na jirani kila mtu atafurahi. Na hiyo inayosuasua usisubiri ununue, hamisha picha leo leo hata kwenye flashi.

SWALI: Nimeuziwa diski ya TB 1 Windows inaonyesha GB 931. Nimepigwa?

JIBU: Hujapigwa. Kampuni inahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Gawanya baiti trilioni moja kwa 1,073,741,824 utapata hiyo 931 yako. Kampuni zote ziko hivyo.

SWALI: Fundi, yangu inagonga tik tik tik haifunguki, nimeambiwa niigandishe kwenye friji kwanza. Kweli?

JIBU: Acha kabisa! Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, ukiitoa kwenye baridi unyevu unageuka matone humo ndani na ukiiwasha inajikwangua yenyewe. Mlio huo mara nyingi ni kichwa kimeshaharibika. Chomoa umeme, usijaribu tena na tena "labda itakubali", mana kila ukiwasha inazidi kukwaruza. Kama data ina thamani ipeleke kwa watu wa kurejesha data wenye chumba kisicho na vumbi, na uwaambie ukweli kama ulishaifungua.