Re: Nyimbo zako tano za indie na pop za 2024 ni zipi?

Mkuu tano nimeshindwa, nimebaki na tatu. Mimi kipimo changu ni bando, yani likikata nikiwa kwenye foleni ya Mbagala nabaki na zile nilizodaunlodi tu, sasa wimbo ambao simu imejaa na bado sijaufuta huo ndo wa mwaka, hayo mengine ya chati sijui nani kaongoza wiki ngapi mi hayanihusu.

Namba moja Starburster ya Fontaines D.C., ile bendi ya rock ya Dublin, Ireland. Sikiliza kiitikio, mwimbaji wao anavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyetolewa majini, mara ya kwanza nilidhani spika imeharibika lol. Kumbe aliuandika baada ya kushikwa na hofu kali pale stesheni ya St Pancras, London. Ukishajua hivyo ukausikiliza umebanwa mlangoni kwenye daladala utanielewa.

Mbili Good Luck, Babe! ya Chappell Roan. Pop kabisa ila dada ana sauti, halafu mwishoni wimbo unapunguza kasi kama kaseti iliyoishiwa betri, wale wa enzi za redio kaseti mnaijua hiyo.

Tatu Birds of a Feather ya Billie Eilish, hii najua mtasema imechezwa mpaka imechosha, sawa, ila bado ipo kwenye simu.

Espresso ya Sabrina Carpenter niliifuta mwezi wa nane. Msinipige mawe.